Mara Nne ya Zakayo

Bwana Yesu asifiwe! Asanteni, ketini.

Mada niliyopewa ni kuishi kama Yesu anavyotaka. Nimeamua kuipeleka Yeriko, kwa Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru. Yesu hakumwambia, "Rudisha kwanza ulichokula, ndipo nije." Alimwita ashuke mtini, akaenda kushinda kwake. Neema ilitangulia. Lakini ilipoingia nyumbani, iligusa mkoba, Zakayo akasema: "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne."

Sasa fungueni Hesabu 5. Mtu anayeungama anarudisha alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Umechukua shilingi 100, unalipa 120. Mara nne ni hukumu ya mwizi wa kondoo, Kutoka 22, yule aliyekwisha kumchinja au kumwuza. Zakayo hakushitakiwa na mtu, ila alijihukumu kama mwizi aliyekamatwa.

Wazee wetu wa uamsho walilijua hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata moto ule ukaenea Rwanda na Uganda, ukavuka hadi Kenya na Bukoba kwetu. Waliookoka waliungama, kisha wakabeba vya watu kuvirudisha kwa wenyewe, na madeni wakalipa. Kuungama na kurudisha huko ndiko walikokuita kutembea nuruni.

Siku hizi ushuhuda umebaki, marejesho hayaonekani. Mtu anashika maiki, anatusimulia alivyokuwa jambazi wa kutisha, sisi vigelegele. Aliyeibiwa naye yupo benchi la nyuma, anasikiliza kama pikipiki yake itatajwa. (Mnacheka, lakini mnawajua.)

Kuna atakayesema, "Mchungaji, damu ya Yesu imenisafisha, ya kale yamepita." Amina. Ila mama wa genge bado anadai unga wake. Dada wa kazi uliyemfukuza bila mshahara wa miezi miwili hajasamehe deni hilo, wala hujamwomba. Mpaka wa shamba uliousogeza usiku bado uko ulipouweka, na jirani anaupita kila asubuhi akienda kulima. Na sisi viongozi tusijitoe: sadaka nono ikija kutoka kwa mtu tunayejua amekula fedha za kikoba, tunaibariki haraka haraka kabla wenye fedha hawajafika.

Niliulizwa swali zuri nje hapo: je, mwenye mali akiwa amekufa? Hesabu 5:8 inajibu. Malipo yanakwenda kwa jamaa yake wa karibu. Asipokuwepo jamaa kabisa, ndipo yanakuwa ya Bwana, yanapewa kuhani. Kwa hiyo usianze kwa kuniletea mimi bahasha. Watafute watoto wake kwanza.