Ukumbi umefunguka, barabara je? Mhadhara kuhusu ziara za muziki wakati wa janga

Walimu wangu shikamooni, na nyie vijana hamjambo. Asanteni sana kunikaribisha hapa Bagamoyo. Mi kazi yangu ni saundi, na kwa miaka mingi pia nimekuwa nikipanga ziara za bendi, basi, mafuta, malazi, mipaka, nani alale wapi na nani alipwe lini, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa barabarani.

Naanza na ijumaa moja. Tarehe 13 Machi 2020 tulikuwa Tanga na basi la bendi, watu 14, vyombo vyote nyuma, tunataka kuvuka mpaka wa Horohoro tuingie Mombasa maana kesho yake jumamosi ndo shoo ya kwanza. Tumesimama tunakula, simu ikaita, promota wa Mombasa. Akaniambia kaka, Kenya wametangaza mgonjwa wa kwanza wa korona na mikusanyiko imezuiwa. Nikamuuliza na Malindi je? Akasema na Malindi. Nairobi? Zote kaka, zote. Nilikuwa na daftari mkononi lina tarehe tisa, Mombasa, Malindi, Nairobi, Nakuru, Kisumu, Kampala, Mbarara, Kigali, tunamalizia Mwanza. Nikalifunga. Siku nne baadae na sisi nyumbani Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule na kuzuia matamasha na mikusanyiko, kwa hiyo hata ile Mwanza ya mwisho nayo ikaenda.

Sasa nataka muelewe kitu kuhusu ziara ambacho mtu aliyezoea shoo moja moja hakioni. Ziara ni mnyororo. Shoo ya kwanza inarudisha mafuta na pesa uliyokopa, ya pili na ya tatu zinalipa malazi na posho, ukifika ya tano ya sita ndo unaanza kuwalipa wanamuziki vizuri, faida yenyewe iko kwenye zile shoo mbili tatu za mwisho. Kwa hiyo ukikata tarehe tatu katikati hujapoteza theluthi ya ziara, umepoteza ziara yote, na deni unabaki nalo wewe. Ndo maana janga linaua ziara kabla halijaua muziki.

Na bahati ilikuwa inahesabika kwa siku aisee. Fally Ipupa, mwanamuziki wa Kongo, alipiga Bercy pale Paris tarehe 28 Februari 2020, ukumbi wa kuingiza watu elfu 20, na pamoja na vurugu zote zilizotokea nje karibu na stesheni ya Gare de Lyon shoo ilifanyika ikaisha. Kesho yake, tarehe 29, serikali ya Ufaransa ikapiga marufuku mikusanyiko ya ndani ya watu zaidi ya elfu 5. Siku moja tu! Angepangiwa jumapili kazi yote ya kujaza ule ukumbi ingeishia kwenye kurudisha tiketi.

Haya, twende kwenye jambo lenyewe nililokuja kulisema. Watu wengi wakiongelea shoo wakati wa janga wanauliza swali moja, kumbi zitafunguliwa lini? Mi nasema hilo ni nusu ya swali. Angalieni kwetu. Tanzania michezo na burudani zilirudi Juni 2020, mapema kuliko karibu kila mtu tunayepakana nae. Februari 2021 tamasha la Sauti za Busara lilifanyika Ngome Kongwe kule Zanzibar, siku mbili badala ya nne, wakati matamasha makubwa duniani yalikuwa yamefungwa, Glastonbury ya Uingereza haikufanyika mwaka 2020 wala 2021. Kwa hiyo ukumbi tulikuwa nao. Lakini mimi na basi langu nilikuwa naenda wapi? Kenya kafyu ilianza Machi 2020, ikawa inasogezwa saa inaenda mbele inarudi nyuma, ikaja kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mei 2020 walifunga mpaka na sisi kwa abiria, mizigo tu ndo inapita. Uganda matamasha na burudani za usiku zimeruhusiwa tarehe 24 Januari 2022. Hesabuni, kutoka Dar kufunguka mpaka Kampala kufunguka ni karibu miezi 20. Nchi imefunguliwa lakini ziara imefungwa, na hakuna mtu aliyetangaza kwamba ziara imefungwa, unagundua mwenyewe ukishafika mpakani.

Alafu kuna vipimo. Kenya walivyofungua ndege za nje Agosti 2020 walitaka cheti cha PCR, yaani kipimo cha korona, kisichozidi masaa 96. Mtalii mmoja anaweza, anapima, anapanda ndege, kamaliza. Bendi ya watu 14 inayovuka mipaka mitatu ndani ya wiki mbili inapima wote kila baada ya siku chache, na akikutwa mmoja tu ana virusi, tuseme mpiga besi, hujapoteza mpiga besi peke yake, umepoteza wote mliolala nae kwenye basi. Hiyo gharama hakuna kiingilio cha elfu kumi kinachoweza kuilipa.

Wenzetu walijaribu vitu. Newcastle kule Uingereza Agosti 2020 walijenga majukwaa madogo 500 ya mashabiki, kila jukwaa watu wasiozidi watano, likaenda vizuri wiki kadhaa, Septemba masharti ya mji yakabana shoo zilizobaki zikafutwa. Oklahoma City Januari 2021 bendi ya Flaming Lips iliweka mashabiki ndani ya maputo makubwa ya plastiki, maputo 100. Nawaheshimu kwa kuthubutu ila kule ni kupiga shoo ya mjini kwako, hayo maputo huwezi kuzunguka nayo mikoa kumi.

Lililonifundisha mimi ni la Leipzig, Ujerumani, tarehe 22 Agosti 2020. Chuo Kikuu cha Halle kilikusanya watu kama 1,400 ukumbini, msanii Tim Bendzko akawaimbia siku nzima kwa mipangilio mitatu tofauti ya kuwakalisha. Kila mtu alivaa kifaa shingoni kinachorekodi amemkaribia nani na kwa muda gani, na kitakasa mikono kilikuwa na rangi inayong'aa kwenye taa maalum ili waone ni sehemu gani zinashikwa sana. Sasa mi nilidhani watasema hatari ni pale mbele ya jukwaa watu wanapoimba. Walichokuta ni kwamba watu wanabanana zaidi wakati wa kuingia na wakati wa mapumziko, na kwamba hewa ndo kila kitu, ukumbi wenye hewa mbovu unaongeza sana idadi ya wanaoweza kuambukizwa. Desemba mwaka huo Barcelona, ukumbi wa Sala Apolo, waliingiza watu 463 waliopimwa siku hiyo hiyo, barakoa wote, hewa imeboreshwa, na kwenye ufuatiliaji hakukutwa hata mmoja aliyeambukizwa.

Niliposoma hayo nikawaza kumbi zetu. Kumbi za zamani za dansi nyingi zilikuwa na uwa katikati, juu wazi, upepo unapita, unacheza unaona nyota. Saivi tunajenga maboksi, vioo vimefungwa, AC inazungusha hewa ile ile usiku kucha, geti moja jembamba watu wamegandana masaa mawili. Sisi tulikuwa na jibu la hewa tukaliacha wenyewe. Ukinipa kuchagua kati ya ukumbi wa AC wa watu 800 na kiwanja wazi cha watu 800 wakati wa mlipuko nachukua kiwanja, mageti manne, na shoo ianze saa 9 alasiri iishe saa 2 usiku, watu wa taarab mtanisamehe najua nyie saa 2 ndo mnatandika mazulia, lakini kafyu haisubiri mtu.

Na jibu la pili tulikuwa nalo pia. Bendi zetu kongwe za dansi pale Dar, Sikinde walikuwa na ukumbi wa DDC Kariakoo, Msondo walikuwa na TCC Chang'ombe. Bendi ina ukumbi wake, ina siku yake ya wiki, shabiki anaifuata bendi nyumbani kwake. Ukiniuliza ziara ya wakati wa janga itakuwaje nakwambia itafanana na hiyo zaidi kuliko ile ya mikoa ishirini kwa siku thelathini. Unaenda Mwanza unakaa wiki mbili. Unapiga shoo sita ndogo badala ya moja kubwa, unapima watu wako mara moja, mnalala sehemu moja, spika unazifunga mara moja, ikitokea mkoa umefungwa umefungiwa sehemu moja unayoijua na mwenyeji wako unae pale pale. Mapato ya siku ni madogo, kweli, ila mnyororo una pete chache za kukatika.

Kurusha shoo mtandaoni nitasema kwa ufupi. Kundi la BTS la Korea Kusini Juni 2020 waliangaliwa laivu na watu zaidi ya laki 7 na nusu kwa wakati mmoja, wamelipa. Shabiki wangu mimi ananunua bando la siku, shoo ikifika wimbo wa tatu bando limekata. Irusheni, inalinda jina lako lisisahaulike, ila msiipangie bajeti ya kulisha watu.

Sasa watu wenyewe, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Siku ile Tanga tulikuwa na vijana wawili deiwaka, yaani vibarua wa siku, wabeba spika. Mmoja alikuwa na mkono wa ajabu kwenye nyaya, anazikunja duara moja huku duara linalofuata kwa nyuma, waya haujipindi hata uwe wa mita 50, hakufundishwa na mtu, aliangalia tu. Makubaliano yao yalikuwa wanalipwa kila shoo ikiisha. Shoo haikuwepo. Advansi ya promota ilikuwa imeishia kwenye basi, na mwenye ukumbi mmoja tuliyemlipa mapema akagoma kurudisha hata senti, akasema mkataba hausemi chochote kuhusu ugonjwa, na kweli ulikuwa hausemi. Nikawapa wale vijana nauli ya kurudi Dar na chakula. Ndo malipo yao ya ziara ya shoo tisa. Shoo ziliporudi nikampigia yule wa nyaya, tayari yuko kwenye bodaboda, ana marejesho ya kila siku, hawezi kuiacha. Mpaka leo sijapata mwingine kama yule, na nyaya zangu nyingi zimekufa kwa kukunjwa vibaya.

Kenya Aprili 2020 serikali ilitangaza shilingi milioni 100 za kusaidia wasanii. Jambo jema, ila anayekunja nyaya huwa hayumo kwenye orodha ya wasanii, hana wimbo wa kuonyesha. Lazima sisi wenyewe tumuweke. Bendi ninayofanya nayo sasa kila shoo tunatoa asilimia 5 kabla hata ya kugawana, inaingia kwenye kibubu cha wafanyakazi, na deiwaka ana haki sawa na mpiga solo.

Na msidhani haya yamepita. Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, walitangaza dharura ya ugonjwa wa Mpox, Januari 2025 tulikuwa na mlipuko wa Marburg kule Biharamulo, Kagera, mwisho wa mwezi huo huo Ebola ikatangazwa Kampala. Mi nilikuwa na tarehe Bukoba, mkoa huo huo wa Kagera, nikazisogeza kwa simu moja, hakuna aliyepoteza hela, kwa sababu mkataba safari hii ulikuwa unasema.

Nimekuja na nakala zake, ziko hapo mezani karibu na mlango, chukueni kila mtu moja. Kipengele chenyewe kiko ukurasa wa pili. Kinasema ugonjwa wa mlipuko ukitangazwa na serikali ya upande wowote tarehe inahama bila faini ndani ya miezi 12, advansi inahama nayo, na wafanyakazi wa siku wanalipwa nusu hata kama hakuna kilichopigwa. Mapromota wengine watakataa hiyo nusu, mimi wamenikatalia wawili na shoo zao sikwenda. Haya, maswali, nianze na dada pale nyuma.