Zima Sauti, Kisha Umtazame

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mada niliyopewa ni wahusika wa katuni na filamu za familia: nani wanapendwa, na wanapendwa kwa nini. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hili. Mtanivumilia, maana kazi za vijana bado zinaletwa zikiwa na kasoro ileile. Mhusika anaongea tangu mwanzo hadi mwisho. Anatania, anaimba, anatangaza kwamba ana huzuni, anatangaza kwamba huzuni imekwisha. Ukizima sauti, unabaki na kitu kinachofumba na kufumbua mdomo.

Nasema tena: mhusika anayependwa hupendwa kabla hajatamka neno. Mchukue yeyote umpendaye, zima sauti, mtazame kwa dakika mbili. Je, unajua anataka nini? Unajua anamwogopa nani hapo alipo? Ukijua, huyo kakamilika, na sauti itamwongezea utamu tu. Usipojua, hakuna mwigizaji wa sauti atakayekuokoa, hata umlipe nini.

Nianze na taa. Mwaka 1986 Pixar, studio ya katuni za kompyuta, ilitoa filamu fupi ya dakika mbili hivi iitwayo Luxo Jr., kazi ya John Lasseter. Ndani yake mna taa mbili za mezani, kubwa na ndogo, pamoja na mpira. Hazina macho, hazina mdomo, hazina mikono, na hakuna neno linalosemwa. Ilioneshwa mbele ya wataalamu wa michoro ya kompyuta. Baada ya onyesho, Jim Blinn, bingwa mkubwa wa fani hiyo, akamfuata Lasseter. Lasseter akajiandaa kujibu swali la hesabu za vivuli. Blinn akamuuliza: ile taa kubwa ni baba au mama?

Tulieni hapo kidogo. Mtu aliyezama katika hesabu za kompyuta ametazama vyuma na balbu, akaona mzazi na mtoto. Ilifanyikaje? Wengi hujibu haraka kwamba ile ndogo ni mtoto kwa sababu ni ndogo. Hapana. Ukiichukua taa kubwa ukaipunguza yote kwa kiwango kimoja, utapata taa kubwa iliyo mbali, au mfano wa taa. Wao walifupisha vyuma vya mwili lakini unene wakauacha vilevile. Kofia ya taa wakaipunguza. Balbu hawakuigusa, kwa hoja nzuri sana: balbu hununuliwa dukani, haikui pamoja na taa. Kwa hiyo ukapatikana mwili mfupi mnene uliobeba kitu kikubwa kichwani, na huo ndio uwiano wa mtoto mdogo.

Halafu mwendo. Ile ndogo inarukaruka upesi, inainama kabla ya kuruka, inatetemeka kwa hamu. Ile kubwa inageuza kichwa polepole, kwa uzito wa mtu mzima. Wangezipa zote mbili kasi moja, Blinn asingeuliza swali lile.

Najua pingamizi linalokuja: "Hiyo ni filamu fupi ya maonyesho. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kukaa kimya." Sikusema ikae kimya. Nimesema mhusika asitegemee mdomo. Dumbo, filamu ya mwaka 1941, ina wahusika wanaopiga domo kweli, lakini Dumbo mwenyewe, mtoto wa tembo, hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye anayewaliza watu. Bill Tytla, aliyechora Dumbo akiwa na mama yake, alichukua hisia za yule tembo kwa kumtazama mwanawe mdogo wa kiume. Kwa WALL-E, ya mwaka 2008, takriban nusu saa ya mwanzo ina maneno machache mno, na uso wa roboti yule ni macho mawili tu yenye umbo la darubini. Andrew Stanton, mwongozaji wake, alipata wazo hilo akiwa uwanjani kwenye mchezo wa besiboli. Aliazima darubini, akaanza kuikunja na kuikunjua akaona ina huzuni, ina furaha. Kumbe kuinama kwa zile pande mbili kunafanya kazi ya nyusi.

Nyusi! Hapa nitakaa, na atakayechoka anisamehe.

Gromit. Mbwa wa Nick Park, aliyeonekana kwanza mwaka 1989 katika A Grand Day Out. Ni mbwa wa plastisini, udongo laini wa kufinyangia, na hana mdomo. Mwanzoni Park alikusudia awe na mdomo, aongee. Lakini katika moja ya matukio ya kwanza kupigwa, Wallace, bwana wake, anakata mbao kwa msumeno na Gromit yuko chini yake, amefanywa kiegemeo. Kuufikia mdomo kwa vidole katika hali ile kukawa shida. Park akasogeza ile sehemu ya juu ya macho, mkunjo tu wa plastisini, akaona kila kitu kimeshasemwa. Mdomo ukafutwa moja kwa moja.

Sasa angalieni mkunjo ule unavyotumika. Ukipandishwa katikati, Gromit ana wasiwasi. Ukishushwa wote sawasawa, amemchoka Wallace. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukabaki, anatilia shaka anachoambiwa. Ukishuka kuelekea puani, amekasirika. Mboni ina kitundu kidogo, mhuishaji, yaani anayemsogeza kidogo kidogo kwa kila picha, anaigeuza kwa pini. Basi, hivyo ndivyo vifaa vyake: mkunjo mmoja, mboni mbili na masikio. Wallace anaongea muda wote, na sisi tunamtazama Gromit anavyosikiliza. Vijana, andikeni hilo: anayesikiliza ndiye anayebeba tukio. Mnapochora watu wawili wakizungumza, mnatumia siku nzima kwenye mdomo wa msemaji huku msikilizaji amesimama mfu kando yake. Geuzeni.

Kwa wanaofanya kazi hii kwa mikono, nitataja vipimo, kwa sababu "mpe hisia" ni ushauri usiomsaidia mtu.

Filamu hupita fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Katuni nyingi za mkono huchorwa kila mchoro ukashika fremu 2, yaani michoro 12 kwa sekunde. Mhusika anapogundua jambo, macho yatangulie. Fremu 2 au 3 baadaye kichwa kifuate, kisha mabega. Vyote vikianza katika fremu moja, anakuwa mashine. Akipepesa, kope zishuke kwa fremu 2, zikae 1 au 2, zipande kwa 3. Kupandisha huwa polepole kuliko kushusha. Ukilinganisha pande zote mbili, atakuwa kama anayesinzia. Akigeuza kichwa kwa haraka, apepese katikati ya mgeuko.

Kisha kituo, ambako kazi nyingi hufia. Umechora nyusi zikipanda vizuri, halafu baada ya fremu 3 umeshakimbilia tendo jingine. Mtazamaji hajasoma kitu. Chini ya fremu 8 usitegemee hisia isomeke, na hisia nzito ipe 16 au zaidi. Kwenye kompyuta kuna tatizo la ziada: ukimsimamisha kabisa, anaonekana amekufa. Mwachie pumzi, kifua kipande kidogo, kichwa kiendelee kuteleza kidogo kuelekea kule kilikokuwa kinakwenda.

Na macho makubwa? Kuna wanaoamini kwamba siri ya kupendwa ni macho makubwa na rangi kali. Macho makubwa yanamfanya atazamwe. Hayamfanyi apendwe. Kosa la kawaida ni kuacha weupe uonekane juu na chini ya mboni muda wote, kwa hiyo mhusika ameshtuka tangu anazaliwa. Kope ya juu ifunike kidogo ukingo wa mboni anapokuwa ametulia, ili ukija mshtuko wa kweli uwe na pa kupandia. Mboni zielekee kidogo ndani anapotazama kitu cha karibu. Zikibaki sambamba, anakitazama kitu bila kukiona, na mtoto wa miaka minne analijua hilo hata kama hawezi kulieleza.

Wengine watanitajia Jini wa Aladdin, ya mwaka 1992. "Yule ni maneno matupu, ni Robin Williams!" Vizuri mmemtaja. Eric Goldberg, aliyemsimamia Jini, alichukua rekodi za vichekesho vya Williams, akachora majaribio juu yake, na Williams alipoyaona akavutika. Sauti ni ya Williams, ndiyo, lakini mwili unaojibadilisha ukawa kumi katika pumzi moja ni mkono wa Goldberg. Ushahidi wangu mkubwa ni huu: filamu hizi huingizwa sauti upya kwa lugha nyingi duniani. Sauti yote inatolewa, inawekwa ya mtu mwingine. Watoto wa huko wanampenda Jini yuleyule. Kama mapenzi yangekaa kwenye koo la mwigizaji mmoja, yangebaki kwenye lugha moja.

Tena katika filamu hiyohiyo muangalieni zulia. Hana uso kabisa. Randy Cartwright alichora umbo na vishada vinne vya pembeni, kompyuta ikabandika nakshi juu yake. Vishada viwili ni mikono, viwili ni miguu. Anaponyauka kwa huzuni, anainama pale ambapo shingo ingekuwepo.

Zoezi lake la kujifunzia ni la zamani, na kila anayeanza afanye kabla hajagusa uso: gunia la unga lililojaa nusu. Pembe nne, hakuna macho. Lichore likiwa na huzuni: unga ushuke wote chini, pembe za juu zilegee. Lichore likiwa na majivuno: sukuma unga juu kifuani, pembe za chini zisimame wima. Lichore likinyatia. Makosa yatakuwa mawili. La kwanza, ujazo utabadilika, gunia litavimba hapa na kukonda pale, na uzito utapotea. La pili, utashawishika kuliwekea macho. Usiweke. Ukimaliza, jaza mchoro wote wino mweusi. Ikiwa kivuli kile cheusi hakielezi hisia, pozi ni mbovu, rudia.

Nilitaka kuzungumza kwa kirefu juu ya The Lion King ya 1994 na ile ya 2019, muda hauniruhusu. Kwa kifupi: wachoraji wa 1994 waliwapa simba nyusi. Scar, simba mwovu aliyechorwa na Andreas Deja, anatawala tukio kwa nyusi moja kupanda. Mwaka 2019 wakaamua simba wafanane na simba halisi, na simba halisi hana nyusi za kuchezea. Uamuzi huo wenyewe sina ugomvi nao. Lakini simba halisi ana masikio, ana mkia, ana mgongo unaojikunja, na hivyo havikupewa kazi ya kutosha kufidia kilichoondolewa. Mtaniambia ilipata fedha nyingi. Ilipata, na sehemu kubwa ya mapenzi yaliyojaza kumbi zile yaliwekwa akiba mwaka 1994.

Juu ya mwendo nitasema sentensi chache. Hatua ya mtu mwenye shughuli zake ni fremu 12, anayetembea taratibu 16, mzee au aliyechoka 20. Anza na namba hizo, halafu haribu usawa: mguu mmoja uwe mzito kidogo kuliko mwingine. Nyimbo naziacha. Wasaidizi wachekeshaji nawaacha pia.

Waovu siwezi kuwaacha, nitataja mmoja. Feathers McGraw, pengwini wa The Wrong Trousers, mwaka 1993, kazi ya Nick Park yuleyule. Hana mdomo unaosema, hana nyusi, macho ni vitone viwili vyeusi. Park alijua kwamba nyusi ndizo zinazotufungulia moyo wa Gromit, kwa hiyo adui wa Gromit akamnyima. Hatumsomi, na kwa kuwa hatumsomi tunamhofia kila anapogeuza kichwa. Atakayetaka kuchora mwovu aanze na swali hilo: ni kiungo gani cha uso nimnyime? Karatasi ziko kwenye meza ya nyuma. Gunia kwanza, mapozi matano, bila macho, na nitapita kuyaangalia yakiwa yameshajazwa wino.