Pneumokoki: wanaombeba sio wanaougua

Haya jamani, karibuni, tuingie moja kwa moja. Ukimtajia mtu pneumokoki anawaza nimonia, wodi, mitungi ya oksijeni. Mi leo naomba muwaze pua ya mtoto wa miaka miwili. Huyu bakteria makazi yake ni huko nyuma ya pua, anakaa wiki kadhaa, mtoto anacheza zake tu makamasi yanatiririka, anamrukia babu shingoni, na anayekuja kulazwa ni babu.

Ndo maana ukichora wagonjwa kwa umri grafu inakuwa juu kwa walio chini ya miaka 2, inashuka katikati, inapanda tena kwa wazee wa 65 kwenda juu. Ya wabebaji, yaani wenye bakteria puani bila kuugua, haiko hivyo kabisa, iko juu kwa watoto halafu inaporomoka.

Marekani walipoanza chanjo ya PCV7 mwaka 2000, inayokinga aina 7 za pneumokoki, walichanja watoto, wazee hawakupewa hiyo, lakini aina zile 7 zikapungua hadi kwa wazee! Mi hapo kila nikisoma nafurahi. Ila sasa bakteria huyu ana aina kama 100 kwa kufuata ganda lake la sukari, ukiziondoa 7 puani nafasi haibaki tupu, ikaingia aina ya 19A, tena nyingi sugu kwa antibayotiki, mpaka ikaja chanjo ya PCV13 mwaka 2010, ya aina 13, yenye 19A ndani. Aina ya 3 nayo imo humo na bado inasumbua.

Halafu 2020, watu wamefungiwa ndani kwa korona, wagonjwa wa pneumokoki wakapungua ghafla nchi nyingi. Tungesema bakteria kaacha kusambaa, si ndio? Israel wakapima pua za watoto, wakamkuta yupo karibu kama kawaida. Waliopotea ni virusi, vile vya mafua makali na RSV (kirusi cha njia ya hewa kinachosumbua sana watoto wadogo), ambavyo vikichubua njia ya hewa ndo bakteria anapata pa kushukia mapafuni.

Kwa hiyo kuhesabu waliolazwa peke yake haitoshi, tuchukue na swabu za pua, tuandike na aina. Na wenye selimundu, waliotolewa bandama, wanaoishi na VVU, hawa wako hatarini umri wowote, kwenye ile grafu hawaonekani, nawaomba sana msiwasahau kwenye chanjo.