Je, Umungu Huzaa? Mabishano ya Mwaka 1215

Ndugu wasikilizaji, leo ninazo sentensi mbili tu. Ya kwanza: "Mungu alimzaa Mungu." Ya pili: "Umungu ulizaa umungu," yaani ile hali ya kuwa Mungu. Kanisa la Magharibi liliikubali ya kwanza na kuikataa ya pili. Ukizisikia harakaharaka utadhani ni mamoja.

Petro Lombardo, mwalimu wa Paris aliyefariki mwaka 1160, aliipinga ya pili kwa hoja fupi. Baba mwenyewe ndiye umungu huo. Ukisema Baba aliuzaa umungu, umesema kitu kimejizaa chenyewe. Kwa hiyo umungu hauzai, hauzaliwi wala hautoki.

Abate Yoakimu wa Fiore, mkuu wa monasteri kule Calabria, kusini mwa Italia, alishtuka. Tunao Baba, Mwana na Roho. Sasa umungu usiofanya lolote kati ya hayo si wa nne huo? Swali lake lilikuwa zito kuliko wengi wanavyokiri. Kilichomwangusha ni jibu lake: umoja wa Nafsi tatu ulisomeka kama wa watu wengi kuitwa taifa moja. Huo ni umoja wa kundi, na kundi la watatu si Mungu mmoja. Mtaguso wa Nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu kule Roma, chini ya Papa Inosenti III, Novemba 1215, ulisimama na Lombardo kwa kumtaja jina: anayezaa ni Baba, anayezaliwa ni Mwana, anayetoka ni Roho Mtakatifu. Yoakimu alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1202. Fundisho lake hilo lilihukumiwa, lakini monasteri yake haikuguswa.

Mtaguso uliamua, lakini kuonyesha kosa la sentensi ya pili liko wapi hasa ni kazi aliyoifanya vizuri Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne hiyohiyo. Tazameni mtego wenyewe: Mungu anazaa, Mungu ndiye umungu wake, basi umungu unazaa. Hatua mbili za mwanzo ni kweli, ila hitimisho ni la uongo. Kwa nini? Kwa sababu ukweli wa sentensi hautegemei tu kitu kinachotajwa, bali pia namna neno linavyokitaja. "Mungu" humtaja mwenye umungu, kwa hiyo katika sentensi laweza kusimama badala ya Nafsi moja, hapa Baba. "Umungu" hutaja kile kinachomfanya awe Mungu, na hauwezi kusimama badala ya Nafsi. Kwa mtindo huohuo, Mwana ni mwingine kuliko Baba, ila si kitu kingine. Ukiyachanganya hayo mawili, unaangukia ama miungu watatu ama Nafsi moja yenye majina matatu.

Lilibaki tatizo la aibu kidogo: Agostino mwenyewe, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, aliwahi kuandika juu ya "dhati kutoka dhati," na dhati hapa ni umungu uleule. Thoma hakumkana. Alisema maneno ya namna hiyo yafafanuliwe, yasivutwe mbele zaidi. Husomwa hivi: Mwana, aliye dhati, anatoka kwa Baba, aliye dhati ileile.