Kabla ya Kuongeza Busti, Shika Kwanza Mpira

Ndugu zangu madereva, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma, assalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nijibu swali ambalo halipiti wiki bila kuletwa kwangu gereji. Mtu ana gari la tabo lenye umri wa miaka 15 au 20, ameona valvu ndogo ya kuongeza busti, yaani presha ya hewa ambayo tabo linaishindilia ndani ya injini, inayouzwa kwa bei isiyozidi matumizi ya nyumbani ya siku mbili, naye anataka kujua kama aifunge. Jibu langu nimelitoa mara nyingi, kiasi kwamba wanaonifahamu wanaweza kulitamka pamoja nami: asiifunge mpaka gari lirudishiwe kwanza nguvu lililotoka nayo kiwandani, na mpaka awe na geji ya kumwonyesha anachokifanya. Sitaeleza tabo ni nini, kwa kuwa hapa Tanga hakuna dereva asiyelijua filimbi lake. Nataka tuanze na mpira huu nilioushika, na naomba upite mkono kwa mkono wakati nikizungumza.

Urefu wake ni shubiri moja, na tundu lake halipitishi penseli. Mwisho huu mmoja bado ni laini. Huu wa pili umekauka ukawa mgumu kama ubao, na mkiuminya mtaona umepasuka mistari mistari kama gaga la kisigino. Aliyeuleta ni kijana wa Ngamiani, mtoto wa rafiki yangu, na jina lake litabaki kwangu. Alikuwa na gari la Kijapani la mwaka 2004, la petroli, injini ya silinda nne yenye tabo. Alinunua valvu hiyo, akafungiwa kwenye gereji moja kwa muda wa dakika 20, na jioni ile ile akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba. Gari limekuwa jipya!"

Nikaitika, nikamuuliza busti inasoma ngapi. Akaniambia geji hana, lakini anaisikia mgongoni.

Siku ya tatu gari likaanza kushtuka. Akikanyaga mafuta hadi chini linavuta, ghafla linakata kana kwamba mtu amezima swichi, halafu linavuta tena. Ile ilikuwa kompyuta ya injini, ambayo ilikuwa imeona presha imevuka kikomo ikakata mafuta ili kuiokoa injini. Kijana hakuuliza kwa nini presha imevuka. Aliuziwa kifaa kingine, nacho cha bei rahisi, kinachoifanya sensa ya presha isome chini ya ukweli, ili kompyuta isijue lolote. Hapa ndipo subira yangu inapokwisha, na sioni haya kulisema mbele yenu. Mlinzi amepiga kelele usiku kwamba kuna mwizi uani, nawe unaamka kumziba mlinzi mdomo!

Wiki iliyofuata akapanda Lushoto na watu watano ndani. Mnaijua njia ile: ukishaiacha Mombo, ni kona na mlima kwa kilomita zipatazo 30, na injini ya gari lililojaa watu haipati pa kupumzikia. Hakufika. Gari lilianza kutetemeka, moshi wa bluu ukatanda nyuma, na oili ikarushwa kupitia bomba la kupumulia hadi ikatapakaa juu ya injini. Lilipofika kwangu likiwa limevutwa, nilipima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuishindilia: silinda tatu zilisoma kati ya paundi 140 na 150, na ya nne ikasoma 55. Nilipochomoa plagi ya silinda ile, kaure yake nyeupe ilikuwa na vidoa vidogo vinavyometameta, mfano wa chenga za fedha. Ile ilikuwa alumini ya pistoni. Tuliposhusha injini tulikuta ukingo unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili umemeguka, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Ndipo nikautafuta mpira huu, nikaukuta umeegeshwa tu kwenye kopo la diaframu, bila klipu, ukiwa na nyufa hizo mnazoziona. Kazi ya mpira huu ni kupeleka presha ya tabo hadi kwenye kopo; presha ikitosha, diaframu inasukuma fimbo, fimbo inafungua mlango wa pembeni, na moshi unapita kando bila kulizungusha gurudumu la tabo. Valvu ya bei rahisi haifanyi ajabu yoyote. Inaipunguza tu ile presha inayofika kwenye kopo, ili mlango uchelewe kufunguka. Sasa fikirini: ikiwa mpira wenyewe unavuja, kopo halipati habari kabisa, na mlango haufunguki. Fundi alipouchomoa mpira wa zamani na kuurudisha kwa nguvu, ndipo ulipopasuka. Kwa hiyo nguvu aliyoifurahia kijana wangu haikutoka kwenye valvu aliyoinunua. Ilitoka kwenye ufa, na ufa hauna skrubu ya kuupunguzia.

Nimeurefusha mkasa huu kwa makusudi, kwa sababu wengi wakiusikia husema kwamba tatizo ni fundi mbaya na kwamba wao watampata mzuri. Hapana. Tatizo ni umri wa gari. Mipira yote iliyo chini ya boneti ya gari la miaka 20 imepikwa miaka 20. Kwetu sisi wa pwani ongezeni chumvi ya bahari: nimeona kwa magari yanayolala Raskazone fimbo ya kopo ikiwa imeshikwa na kutu hata haiwezi kusogea kwa mkono. Mlango ulioganda kwa kutu ni sawa na mpira uliopasuka, busti inapanda bila mwenyewe kuipandisha.

Kuna uvujaji wa namna nyingine, ambao matokeo yake ni kinyume. Mabomba makubwa, yanayotoka kwenye tabo kupita kwenye intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, hadi injini, yakiwa na ufa au klipu iliyolegea, hewa inatoroka, na kwa magari yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, inatoroka baada ya kuwa imeshapimwa. Kompyuta inatoa petroli kwa hewa ambayo haipo tena. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, linatoa moshi mweusi, na tabo linazunguka kupita kiasi ili kufidia kinachopotea, wakati hata katika hali ya kawaida mzunguko wake unavuka mara 100,000 kwa dakika. Mwenye gari hili ndiye anayekuja mbio kutafuta valvu. Anachokihitaji ni bomba zima, klipu mbili, plagi mpya na filta ya hewa. Ziba mdomo wa bomba la kuingizia hewa, jaza upepo taratibu bila kuvuka busti ya kawaida ya gari hilo, kisha nyunyizia maji ya sabuni kama unavyotafuta pancha, povu litakuonyesha. Nimewafanyia watu kazi hii, nao wakaniuliza ni kifaa gani nimewafungia. Sikufunga kitu, niliwarudishia chao.

Najua mtu ataniambia kwamba nguvu ya tabo ni ya bure, kwa kuwa inatoka kwenye moshi unaotupwa. Ni kweli kwamba Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905, alilenga nguvu iliyokuwa ikipotea kwenye ekzosi. Lakini hewa ukiishindilia inapata moto, na huo haukwepeki. Chukueni busti ya baa 0.8, ambayo ni kawaida kwa magari mengi ya aina hiyo. Hewa inayoingia kwenye tabo ikiwa na nyuzi 30, na hizo hapa Tanga ni za siku ya kawaida, inatoka ikiwa imepita nyuzi 100. Ukipandisha hadi 1.1, unapata hewa zaidi kwa takriban asilimia 17 kwa hesabu ya makaratasi, lakini inatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 130 au zaidi, na intakula yako ni ile ile ndogo, yenye mapezi yaliyolala na matope ya masika. Hewa ya moto ndiyo inayofanya mchanganyiko ulipuke wenyewe kabla ya zamu yake. Mlipuko huo ndio unaogonga, na kugonga ndiko kulikomega ukingo wa pistoni ya kijana yule.

Wengine wananijibu kwamba Wajapani wenyewe wanafunga valvu hizi kwenye Subaru zao na Nissan zao na wanatamba. Wanafunga, ndiyo. Lakini petroli yao ya daraja la juu, ambayo magari mengi ya tabo yaliandikiwa kuitumia, haishuki oktani 96, kipimo cha petroli kuhimili kugonga, kwa viwango vyao, na aghalabu huuzwa ikiwa na 100. Soma kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi la gari lako, kisha muulize mwenye kituo unachojaza kila siku anauza oktani ngapi. Ikiwa mafuta unayotumia yako chini ya yale gari liliyoandikiwa, basi hata busti ya kiwandani tayari inaielemea injini yako, nawe unazungumzia kuongeza.

Jambo la kompyuta ningependa kulifafanua zaidi, ila naona muda. Kwa kifupi, magari mengi ya miaka ya 1990 mwishoni na kuendelea yana valvu ya umeme inayotawala busti, na yana sensa inayosikiliza injini ikigonga. Kompyuta ikisikia injini inagonga inachelewesha moto wa plagi, na katika baadhi ya magari inashusha busti. Ukiiweka valvu ya skrubu mahali pa ile ya umeme, umeikata mkono kompyuta: inaweza kusikia, lakini haiwezi tena kushusha busti.

Ninyi wenye dizeli, ninyi wa Land Cruiser, hesabu yenu ni nyingine. Dizeli haiharibiki kwa njia hii. Inaharibika kwa moto wa ekzosi pale pampu inapofunguliwa mafuta kuliko hewa, mpaka silinda hedi inapasuka. Moshi mweusi mlimani si sifa. Breki, tairi na klachi navyo vinahusika, na kampuni yako ya bima inapaswa kujua ulichokifunga. Hayo nayaacha hapo.

Je, sipendi kabisa valvu hizi? Kama gari limepimwa kompresheni na silinda zote ziko karibu karibu, mabomba hayavuji, mipira midogo yote ni mipya na ina klipu, fimbo ya kopo inacheza, petroli ni ya kiwango kinachotakiwa, geji ya busti iko mbele ya macho na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kimefungwa kwenye ekzosi, basi ongeza 0.1, endesha wiki mbili, kisha chomoa plagi zako uzikague. Nimewafungia watu watatu kwa masharti hayo, na magari yao yanatembea. Wengine niliowapa masharti hayo hayo waliishia kwenye mabomba na plagi, wakaridhika, valvu wakaisahau.

Jumamosi asubuhi nitakuwa gereji na ndoo ya maji ya sabuni. Anayetaka gari lake lipimwe uvujaji alilete injini ikiwa imepoa, nami sitamtoza kitu kwa kupima. Mpira huo ukishamaliza kuzunguka, naomba aliye wa mwisho aurudishe hapa mezani.