Miguu na Mikono ya Jeshi

Hamjambo nyote. Nikija hapa nimepitia Kenyatta Avenue, nikasimama kidogo kwenye ile sanamu ya askari. Wengi wetu tumepigia picha pale bila kusoma maandishi yake. Yanawakumbuka wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, watu waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mtaa wa Kariokor umepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Mtaa tunao, majina yao, mmoja mmoja, hatuna.

Leo nimekuja kuwataja wapagazi walio hai: wale wanaowatunza nyumbani wanajeshi waliojeruhiwa.

Wanajeshi wetu wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 2011. Kambi yao ya El Adde ikashambuliwa Januari 2016, ya Kulbiyow Januari 2017. Kila tukitaja majina hayo tunahesabu waliokufa, na ni haki yao. Lakini yuko aliyerudi akipumua, ila kuanzia kiunoni kushuka hana hisia. Anatibiwa, halafu siku moja anaambiwa aende nyumbani. Nyumbani maana yake ni mkewe. Au mamake, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayemwinua mwanamume wa kilo themanini.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo mtanisamehe nikiongea mambo ya chumbani. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili, usiku kucha, la sivyo anapata vidonda vya kulalia. Mpira wa mkojo nao unataka usafi, maana ukiziba au ukiingia uchafu, homa inafuata. Hospitalini kazi hii ina zamu: saa moja nakukabidhi, naenda zangu. Nyumbani hakuna wa kukabidhiwa.

Halafu yuko ambaye ukimtazama huoni jeraha. Mlango ukibamizwa, ameshalala chini. Mke wa mtu wa namna hiyo aliniambia humwamsha mumewe akiwa amesimama mbali, upande wa miguu, anamwita jina tu. Kumgusa bega hathubutu. Nilimuuliza nani alimfundisha. Akacheka, akanionyesha kovu juu ya jicho.

Mama huyo alikuwa na kibanda cha mitumba Gikomba. Alikifunga. Michango ikamshinda, chama chake cha kuchangiana kikamtoa. Mimi naona hilo la chama lilimuuma kuliko kibanda, kwa sababu pale ndipo alipokuwa na watu wa kuongea nao.

Wenzetu wa Marekani walitunga sheria mwaka 2010 ya kumlipa posho mwanafamilia anayemtunza mwanajeshi aliyejeruhiwa vibaya. Mwaka 2014 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya huko, wakakadiria kwamba walezi wa wanajeshi na maveterani huko ni milioni 5.5. Najua mtasema Marekani ina pesa. Sawa. Kuhesabu watu, je?

Bunge letu nalo lilipitisha sheria ya maveterani wa jeshi mwaka 2022. Siibezi. Ila nawaomba wanaoitekeleza, mkimwita veterani kumpima, muulizeni na aliyesukuma kile kiti cha magurudumu amelala saa ngapi, na mgongo wake ukoje. Msiniambie ni wajibu wake. Wajibu anaujua, ndiyo maana amefika.

Nilikuwa na mengine, lakini mama aliyeketi karibu na mlango ameinua mkono kitambo, na aliniambia mapema kwamba saa kumi ni lazima awe kwenye matatu, mgonjwa ameachiwa jirani. Mpeni kipaza sauti. Karibu, mama.