Kisiki cha Mchungwa na Farasi Wawili

DEO: Rahma, tazama viganja hivi.

RAHMA: Weee! Malengelenge yote haya, kaka Deo?

DEO: Wiki nzima nilikuwa Muheza kwa baba mdogo. Mchungwa wa marehemu babu ulikauka, tukaukata, akaniambia, "Kisiki hicho nakuachia wewe." Siku nne! Sururu, shoka, mtaimbo. Unakata mzizi, chini yake unakuta mwingine. Siku ya tatu nikakaa kwenye udongo nikasema, sasa ndiyo namwelewa Thorfinn.

RAHMA: Nilijua tu tutafika huko. Kwa msikilizaji mgeni wa leo, Thorfinn ni wa Vinland Saga, manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, ya Makoto Yukimura iliyoanza 2005.

DEO: Mimi nazungumzia msimu wa pili wa anime, yaani katuni yake ya video, wa 2023. Msimu wa kwanza kijana ana visu viwili na kisasi cha baba yake. Wa pili ni mtumwa kwenye shamba la Ketil. Yeye na mtumwa mwenzake Einar wamepewa msitu waufyeke, walime ngano, wajikomboe kwa mavuno. Vipindi vinapita, mtu anang'oa visiki! Rafiki zangu waliacha kuangalia. Lakini sisi tumelelewa na jarida la manga la Shonen Jump: urafiki, juhudi, ushindi. Naruto akifundishwa pigo la Rasengan, anatoka pale na kitu mkononi. Thorfinn anatoka shambani mikono mitupu, na ndipo anapokuwa mtu.

RAHMA: Hilo nakubali. Na leo tuliahidi mafunzo matatu, la kwanza...

DEO: Subiri. Unajua kilichowasaidia kina Thorfinn kung'oa visiki ni nini? Farasi.

RAHMA: Wa mzee Sverkel, baba yake Ketil.

DEO: Wafanyakazi wa shamba walikataa kuwaazima. Mzee akasema, nifanyieni kazi zangu, mumchukue. Kile kisiki kilipoachia ardhi, walivyofurahi wale! Mimi Muheza sina farasi. Baba mdogo akasema tukichome. Mzizi mkuu haukushtuka hata kidogo.

RAHMA: Mlichimba pembeni kwanza mkaacha ukauke? Nyumbani tulikuwa na mwembe, baba aliuchimbia shimo kuuzunguka, akauacha kiangazi kizima.

DEO: Kiangazi kizima!

RAHMA: Ndiyo. Na hakunyanyua hata shoka. Sasa kaka, kwa kuwa umemtaja farasi, mimi pia ninaye wangu. Mushoku Tensei.

DEO: Aa, isekai hapana.

RAHMA: Nisikilize. Hadithi ilianza 2012 kwenye Shosetsuka ni Naro, tovuti ya Kijapani ya hadithi, na wimbi lote lile la isekai likafuata: mtu anakufa, anaamka dunia nyingine. Huyu ana miaka 34, amejifungia ndani miaka mingi. Anazaliwa upya, anaitwa Rudeus, ana uchawi, lakini hawezi kutoka nje ya uzio wa kwao. Mwalimu wake Roxy anampandisha farasi, anampitisha kijijini. Mtoto anatetemeka. Mwili ni mpya, woga ni uleule.

DEO: Amepewa mwili, wazazi, kipaji. Thorfinn aliua kwa mikono ileile anayoshikia jembe. Usiku anaota wafu wake. Hakuna aliyemfutia hesabu.

RAHMA: Na Rudeus kafutiwa nini? Deo, mwaka ule baada ya matokeo ya kidato cha nne, sikutoka getini miezi mitano. Mama alikuwa akinituma dukani, nafika kwenye komeo, narudi. Usiniambie kutoka nje ni zawadi. Nilitoka kwa sababu shangazi alikuja akanishika mkono.

DEO: Pole, dada yangu. Hukuwahi kuniambia. Lakini wewe ulitoka na jina lako na matokeo yako. Hilo ndilo ninalosema.

RAHMA: Na mimi nasema shangazi ndiye farasi. Wa Sverkel alikuwa zawadi vilevile.

DEO: Walimfanyia kazi mzee!

RAHMA: Kazi kidogo tu, wakaazimwa farasi mzima, na mzee angeweza kukataa kama wenzake. Hukui peke yako.

DEO: Sikusema peke yake. Nimesema bila kuanza upya. Thorfinn akitaka kumwona Mfalme Canute, anasimama apigwe ngumi 100, bila kurudisha hata moja. Mwili wa zamani ndio unaolipa.

RAHMA: Sijashawishika.

DEO: Wala mimi.

RAHMA: Wewe ni kisiki cha mpingo.

DEO: Cha mchungwa.

RAHMA: Jamani, zimebaki dakika mbili, na yale mafunzo matatu hatujagusa. Hata Frieren, yule wa anime ya jina lake, anayeanza safari wakati wenzake wamemaliza, hatujamtaja.

DEO: Mafunzo tuyaache. Mwenye njia ya kuutoa mzizi mkuu wa mchungwa atuandikie kabla ya Jumamosi, narudi Muheza.

RAHMA: Chimba shimo, uache kiangazi.

DEO: Baba mdogo anataka kupanda Novemba.

RAHMA: Basi mtafute Sverkel.